SARAFU ZA WAZEE WETU: TUZISUGUE AU TUZIACHE?

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, ukifungua kasha la bibi au mtoto wa meza ya zamani, aghalabu utakuta kikopo kilichokuwa cha biskuti au cha maziwa ya unga, na ndani yake mna mchanganyiko wa vitu: vifungo vya kanzu, ufunguo ambao mlango wake haujulikani tena, sindano iliyoshika kutu, na chini kabisa sarafu chache za kale. Hapana aliyeziweka kwa ajili ya biashara. Zilibaki tu, kwa kuwa mwenyewe hakupata kuzitumia, au kwa kuwa alipewa na mtu aliyempenda, zikapita mkono hata mkono mpaka zikatufikia sisi, na leo sisi ndio wenye kuichukua amana hiyo.

Tumeshika kalamu kuandika habari hizi kwa sababu ya jambo lililotokea darasani kwetu. Siku chache kabla ya Idi, mwanafunzi wetu mmoja, kijana mwenye adabu na bidii, alitujia akiwa ameficha kitu kiganjani. Alipofungua mkono tukaona pesa ya mizani, ile ya shaba ya wakati wa Sayyid Barghash, inameremeta kama bangili iliyotoka kwa sonara. "Mwalimu," akasema kwa furaha, "ilikuwa nyeusi tititi. Nimeisugua kwa ndimu na majivu tangu alasiri." Tukaigeuza huku na huku. Mizani imekuwa kivuli, na mwaka hausomeki. Tulimshukuru kwa kutuonyesha, wala hatukumkemea, kwani lau tungemkemea yeye ingetupasa kwanza kujikemea nafsi zetu. Kosa lilo hilo tulilitenda sisi tulipokuwa na umri wa miaka 11.

Bibi yetu, mzaa mama, alikuwa na kikopo cha namna hiyo. Ndani yake mlikuwa na reale mbili za fedha alizorithi kwa mama yake, rupia tatu, na pesa saba za mizani. Zote hizo zilikuwa zimekwisha kutoka sokoni zamani. Rupia yenyewe iliondolewa Unguja mwaka 1936, na mahali pake pakaingia shilingi ya Afrika ya Mashariki. Lakini katika zile pesa saba, moja ilikuwa na habari yake. Baba yake alimpa siku alipohitimu msahafu, naye hakuinunulia kashata wala ubuyu kama wenzake, akaiweka. Sisi wajukuu tulijua kuwa ipo, ila hatukujua ni ipi. Yeye alijua. Rangi za pesa zile hazikuwa sawa: moja nyeusi kama buni iliyokaangwa, moja ya rangi ya tende, moja ina kijani pembeni, na hiyo yake, kama alivyotuambia siku moja, ilikuwa nyekundu ya kuiva kama halua. Tena alikuwa akipitisha kidole gumba juu yake na kuijua hata taa ikiwa imezimwa.

Basi ikawa mwezi 28 wa Ramadhani, na nyumba nzima imo katika usafi. Sinia za shaba, dele la kahawa na vyetezo vilitolewa uani, na mama na mashangazi wakavisugua kwa ukwaju na majivu mpaka vikang'aa. Sisi tulitazama, tukaona itakuwa furaha kubwa kwa bibi kama asubuhi ya Idi akifungua kikopo chake naye atakuta sarafu zake zinameta. Tukakichukua bila ya idhini. Tulizisugua zote, za fedha na za shaba, kwa ukwaju, kwa majivu, na mwisho kwa mchanga mwororo wa ufukweni, kwa kuwa pesa mbili zilikuwa sugu.

Bibi alizitoa moja moja akazipeleka dirishani penye mwanga. Akazigeuza. Akapitisha kidole. Akarudia tena tangu ya kwanza. "Mjukuu wangu, umefanya kazi kubwa," akasema. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ile yangu ni ipi?" Hatukuwa na jibu, kwani zote saba zilikuwa na rangi moja, ya waridi hafifu, na zote zilikuwa laini. Hakutupiga, wala hakumshitakia mama. Alizirejesha katika kikopo, na toka siku hiyo hatukumwona akikifungua.

Sasa na tueleze ni nini hasa tulichokitenda, kwa sababu wengi hudhani kuwa weusi ulioko juu ya sarafu ni uchafu uliotoka nje ukagandama, na kwamba ukiuondoa utaikuta sarafu yenyewe chini yake, nzima kama ilivyozaliwa. Sivyo. Weusi ule, au hudhurungi ile, ni sarafu yenyewe. Shaba ikikaa katika hewa, sehemu yake ya juu kabisa huungana na hewa na kugeuka, ikawa ngozi nyembamba. Ngozi hiyo ikisha kutulia huikinga shaba iliyoko chini isiendelee kuliwa. Herufi na mapambo ya sarafu, ambayo yameinuka juu kwa kiasi kidogo mno, nayo yamo katika ngozi hiyo. Katika sarafu iliyochakaa sana au iliyokaa ardhini, huenda mwandiko wote umebaki katika ngozi tu, na chini yake hapana kitu ila kipande cha shaba. Basi mwenye kuiosha kwa ndimu huiyeyusha ngozi ile, na mwenye kuisugua kwa majivu na mchanga huikwangua, na katika hali zote mbili maandishi huondoka pamoja nayo, wala hayarudi.

Wanafunzi wetu huelewa haraka tukiwapigia mfano wa ubao na msahafu. Ubao wa chuoni huoshwa kila siku, kwa kuwa kesho utaandikwa tena. Lakini ni nani mwenye msahafu wa babu yake, ulioandikwa kwa mkono, na karatasi yake imekuwa ya manjano kwa miaka mingi, akautia katika beseni la sabuni ili karatasi iwe nyeupe? Sarafu haiandikwi mara ya pili.

Ama sinia na dele, hayo ni mengine. Hivyo ni vyombo vya kutumika, shaba yake ni nene, na uzuri wake ni kung'aa. Endeleeni kuvisugua kwa ukwaju kama walivyofanya mama zetu. Twasema haya kwa sababu shangazi mmoja aliyesikia maneno yetu alikasirika, akadhani twataka nyumba zikae chafu siku ya Idi.

Sarafu zilizomo katika vikopo vyetu ni za namna nyingi, na kila madini yana tabia yake. Pesa za mizani zina maandishi ya Kiarabu yenye jina la Sayyid Barghash, picha ya mizani, na mwaka wa Hijra 1299 au 1304, yaani karibu na mwaka 1882 na 1887 wa Miladi. Hizi ni za shaba, nazo huharibika upesi kwa tindikali yoyote, ikiwa ya ndimu, ya siki au ya ukwaju. Vivyo hivyo pesa za Kampuni ya Kijerumani zilizopigwa kati ya mwaka 1890 na 1892, zenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Mwenye kubahatika anazo sarafu za Tabora za mwaka 1916. Wajerumani walikuwa wamezingirwa vitani, hapana meli iletayo pesa kutoka kwao, wakazipiga katika karakana ya reli ya Tabora, na miongoni mwake ni vipande vya heller 20. Vile vya shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, vina hatari ya ajabu: tindikali huila zinki kwanza na kuiacha shaba, na sarafu iliyokuwa ya manjano hutoka ina mabaka mekundu ambayo hayaondoki tena.

Ama reale ya Maria Theresa, yule malkia wa Austria, ni pande kubwa la fedha la uzito wa gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu elfu za uzito huo, sehemu 833 ni fedha. Yapasa tuseme hapa jambo linalowahadaa wengi. Kila reale ya namna hii imeandikwa mwaka 1780, nao ni mwaka aliokufa malkia huyo. Lakini watu wa Uarabuni, Habeshi na pwani yetu hawakukubali reale yenye sura nyingine, basi ziliendelea kupigwa kwa sura ile ile na mwaka ule ule, Vienna na baadaye Rome, London, Bombay na kwingineko, hata katika karne ya ishirini. Kwa hiyo aliye nayo asiape kwamba ina umri wa zaidi ya miaka mia mbili. Huenda ikawa ni ndogo kuliko babu yake.

Fedha haiumwi kama shaba. Kinachoigeuza nyeusi ni kiberiti kidogo kilichomo katika hewa, yaani salfa, na pia katika mpira, sufi na mayai. Weusi huo huanza manjano kama chai nyepesi, ukaenda kwenye samawati, ukaishia katika weusi, na wakusanyaji sarafu wa nchi zote wanaupenda, kwani ni ushahidi kuwa haijaguswa. Kuna hila inayopitishwa kutoka jirani hata jirani, ya kuitia fedha katika maji ya moto pamoja na magadi, chumvi na kipande cha karatasi ya aluminiamu. Hatukatai, weusi hutoka mara moja, bila ya kusugua. Lakini sarafu hutoka imefifia, ina weupe wa maiti, haina ule mng'ao unaozunguka unapoigeuza penye mwanga. Kwa kijiko, sawa. Kwa reale ya marehemu nyanya yako, la.

Shilingi za Afrika ya Mashariki, zile zenye simba amesimama na milima nyuma yake, wengi huzidharau kwa kuwa ni nyingi. Za mwaka 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, na sehemu iliyobaki ni madini mengine. Baadhi ya vijana huzisugua wapate kuona "fedha safi", na wanachokiona ni umanjano mchafu wa yale madini mengine. Toka mwaka 1948 shilingi hizo zilifanywa kwa shaba na nikeli bila ya fedha hata chembe, basi asiuziwe mtu shilingi ya mwaka 1950 kwa bei ya fedha.

Huenda msomaji akauliza, je, sarafu isioshwe abadan? Hatukusema hivyo. Kuna uchafu wa kweli: vumbi, jasho, mafuta ya mikono, matope, na gundi ya mtu aliyewahi kuibandika kwenye kitabu. Huo hutolewa, lakini kwa upole. Sisi hufanya hivi. Tunatandika kitambaa kinene mezani ili sarafu ikianguka isiumie. Tunaishika kwa ukingo wake, kamwe si kwa uso, kwani jasho la kidole lina chumvi, na alama yake juu ya shaba yaweza kubaki daima. Tunaitia katika bakuli la kioo lenye maji ya uvuguvugu na tone moja la sabuni laini ya kuoshea vyombo, tunaiacha robo saa, kisha tunaisuuza. Hatusugui. Ikiwa kuna tope katika pembe za herufi twaliondoa kwa mwiba wa mdimu, huku sarafu ingali majimaji. Kwani mwiba ni mgumu kuliko tope, lakini ni laini kuliko shaba. Tunda la mti huo tumelikataza, lakini mwiba wake una manufaa.

Maji ya mwisho ya kusuuzia yawe yale yaliyogeuzwa mvuke na kukusanywa tena, yasiyo na chumvi wala chokaa, kwa kuwa maji ya visima vyetu yana chumvi, na ya mfereji yana dawa. Maji hayo huuzwa kwenye maduka ya dawa na pia kwenye maduka ya vipuri vya magari kwa ajili ya kujazia betri. Hapa tahadharini sana! Wengine huita "maji ya betri" vitu viwili mbalimbali, na kimoja ni asidi kali inayounguza ngozi na macho. Someni kibandiko cha chupa, na mwenye shaka asinunue.

Kukausha ni kubonyeza, si kufuta. Kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi chafaa kuliko taulo. Kisha iacheni sarafu juu ya kitambaa mpaka siku ya pili kabla ya kuihifadhi, kwani unyevu uliobaki ndani ya bahasha ni mbegu ya maradhi.

Gundi na mafuta yasiyotoka kwa sabuni hutolewa kwa asetoni safi, si ile ya kufutia rangi za kucha yenye manukato na rangi. Asetoni haili madini. Lakini hushika moto upesi mno, na mvuke wake si mwema kwa kifua. Basi itumiwe na mtu mzima, uani penye hewa, mbali na jiko na sigara, katika chombo cha kioo. Watoto wasiiguse. Ama mafuta ya zeituni, ambayo zamani yalisifiwa kwa kulowekea sarafu za shaba, sisi tumeyaacha. Nayo yana tindikali kidogo, na kulowekwa kwake ni kwa miezi, na mafuta yakisha kuingia katika mashimo madogo ya ngozi hutoka kwa taabu na huvuta vumbi.

Kuna jambo moja ambalo halingoji, nalo ni lile waliolichunguza huliita ugonjwa wa shaba. Sisi tukaao karibu na bahari yatupasa tulijue kuliko watu wa bara. Chumvi ya bahari ikiingia katika shaba na ikapata unyevu, huanza kuila kutoka ndani, na kila inapoila chumvi ile hufunguka tena ikala zaidi, mpaka sarafu ikawa unga. Dalili yake ni vidoa vya unga wa kijani hafifu, vinavyochomoza kama ukungu juu ya mkate, na ukivigusa kwa kijiti vinamomonyoka. Msivichanganye na ile ngozi ya kijani iliyokolea, ngumu na laini kama kucha. Hiyo imekwisha kutulia, na ni pambo. Sarafu yenye unga itengwe mara moja na wenzake. Ondoeni unga kwa kijiti, kisha ilowekeni katika yale maji yasiyo na chumvi, mkiyabadili kila siku kwa wiki kadhaa, ili chumvi itoke kidogo kidogo. Halafu ikaushwe barabara na kuwekwa mahali pakavu kabisa. Unga ukirudi, ipelekeni kwa watu wa makumbusho, kwani wao wana dawa nyingine ambazo si za kushikwa nyumbani.

Maana ya kuhifadhi, basi, ni kuzuia zaidi kuliko kusafisha, na hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea bila ya kujua. Vifuko laini vya plastiki vinavyonuka kama pazia jipya la bafuni vinatoa mafuta ya kunata baada ya miaka, na hugeuza shaba kuwa ya kijani na fedha kuwa na ute. Mipira ya kufungia noti ina kiberiti, na tumeona reale yenye mstari mweusi katikati ya uso wa malkia, mahali mpira ulipopita. Karatasi ya gazeti ina tindikali. Vidonge vya kuulia nondo vikae na nguo, si na sarafu. Kinachofaa ni bahasha ndogo ya karatasi isiyo na asidi, au kile kikadi chenye dirisha la plastiki ngumu isiyo na harufu wanachotumia wakusanyaji. Andikeni juu ya bahasha kwa penseli kabla ya kuitia sarafu ndani. Kisha zote ziwekwe katika kopo linalofunga sawasawa, pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyopatikana katika maboksi ya viatu vipya, msivitupe tena. Kopo lisikae jikoni wala karibu na dirisha la baharini. Wakati wa masika fungueni mara moja kwa wiki mtazame.

Tumewahi kuulizwa juu ya sarafu zenye maandishi yenye jina la Mwenyezi Mungu, kama zile za shaba za masultani wa Kilwa. Heshima yake yajulikana na kila Muislamu, wala hatuna haja ya kurefusha. Lakini tungependa mjue kwamba nyingi ya sarafu hizo hazina mwaka. Upande mmoja una jina la sultani, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yenye kina kinacholandana na jina hilo. Kwa hiyo jina likifutika, hapana mtu atakayeweza kusema ni ya karne gani. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tano za Kilwa katika mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya nchi hiyo, pamoja na nne za Kiholanzi. Hakuzijua ni nini. Alizitia katika kikopo, zikakaa humo mpaka mwaka 1979 alipozipeleka zikasomwe, na mpaka leo wataalamu wanajadiliana vipi shaba ya Kilwa ilifika huko. Sisi hufurahi kila tukifikiri kwamba askari yule hakuwa na ukwaju.

Na karibu na sisi, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari kadhaa za dhahabu, na katika zile za fedha wakasoma majina ya watawala wa papa hapa pwani. Ziliposomwa ndipo watu walipojua kuwa hapa petu palipigwa sarafu za fedha zamani kuliko ilivyodhaniwa. Basi mwenye kuokota sarafu shambani au ufukweni asiioshe hata kwa maji. Aiweke kama ilivyo pamoja na udongo wake, aandike mahali alipoiokota, na aipeleke kwa wahusika wa makumbusho na mambo ya kale. Vitu vya kale vilivyomo ardhini vina sheria yake, na mahali kitu kilipolala ni nusu ya habari yake.

Mambo mawili tuyapitie kwa ufupi. La kwanza ni zaka. Fedha ni fedha hata ikiwa na sura ya malkia. Nisabu yake ni dirham 200, ambazo wanavyuoni wengi wa leo huzipima kuwa gramu 595. Katika reale moja mna fedha safi gramu 23 na zaidi ya theluthi, basi aliye na reale 26 zimekaa mwaka na amuulize sheikh wake, asidhani kuwa ni mapambo ya kabati. La pili ni biashara. Sarafu iliyosuguliwa thamani yake hushuka sana kwa wajuzi, nao huijua kwa mikwaruzo myembamba inayoonekana kwa kioo cha kukuzia. Muuzaji yampasa aseme, "Hii imesuguliwa," kama vile muuza mbuzi anavyosema, "Huyu anachechemea."

Ama yule mwanafunzi wetu, tulimwambia asijaribu kuirudishia pesa yake rangi kwa dawa yoyote. Tuliisuuza pamoja katika maji safi mara tatu, ili ndimu iliyobaki isiendelee kuila, tukaikausha, tukaitia katika bahasha. Kwa miaka itarudi hudhurungi yenyewe, ingawa mwaka wake hautarudi.

Na zile pesa saba tunazo. Bibi alipofariki, mama aliziweka. Na mama alipozeeka alitukabidhi kikopo bila ya kusema neno, nasi hatujui mpaka leo kama bibi alimweleza. Sasa zimekwisha kugeuka tena, si kama zamani, lakini si waridi tena. Kila moja ina bahasha yake, na juu yake tumeandika uzito na mwaka, kwa zile ambazo mwaka wake wasomeka. Juu ya bahasha mbili, ambazo pesa zake zina wekundu kidogo uliosalia katika pembe za herufi, tumeongeza kwa penseli maneno haya: "Huenda ni hii."